Milimita Sita

Halikunguruma. Nilisikia kokoto tu
zikisagika mbele ya kibanda, nikainua kichwa:
gari jeupe la Bwana Nanyaro wa Njiro,
lile la umeme, limeegemea kompresa yangu
kimya kama mtu aliyekuja kukopa.

"Fundi, linatetemeka nikifika themanini."

Nikapiga goti. Kwa nje tairi inacheka,
kashata zake bado zina meno.
Nikapitisha kiganja upande wa ndani,
kule jua lisikofika, wala mwenye gari,
kikarudi na damu.
Waya zilishachungulia.

Katika mfereji nikasimamisha sarafu ya mia mbili:
ikabaki nje karibu yote,
kama mtoto anayeogopa maji.

"Nilizifunga Machi. Leo Novemba.
Kilomita elfu kumi na nne, fundi!
Pikapu ya marehemu baba, ya kubebea kahawa,
tairi zake zilizeeka pamoja naye."

Nikamwambia ninachokijua.
Kwamba chini ya zulia lako wamelala ng'ombe wawili
na kila kona unayokata, wanakatiwa na tairi.
Kwamba dizeli ya mzee ilikuwa na adabu:
inakohoa kwanza, inapanda ngazi moja moja.
Hii haipigi hodi. Mguu ukigusa,
nguvu zote zinashuka kwa pamoja
juu ya nyayo nne za mpira,
kila moja haizidi kiganja hiki unachokiona.
Na pale mataa ya Sanawari,
taa ikigeuka kijani,
ukiwaacha bodaboda wakitazamana,
kuna ngozi imelipa.

Akatabasamu. Hakukana.

"Basi za mbele zirudi nyuma, nipate mwezi."
Haiwezekani, Bwana. Za nyuma pana, za mbele nyembamba;
waliolibuni gari hili walizinyima hata zamu.
Mpya utaagiza Dar, na Dar nao wataagiza kwingine:
milioni moja na laki tatu, kwa tairi moja.
Subira ni bure, ila hapa kwangu imeisha.

Akapiga simu, akaondoka kwa bodaboda,
mmoja wa wale wale wa Sanawari.

Nilipoing'oa ya kwanza kwenye rimu
nikakuta sponji ndani, ya kijivu,
imegandishwa duara zima: godoro la kumeza kelele.
Miaka kumi na tisa naziba pancha
sijaona tairi yenye godoro.
Kumbe ukimya ule nao ulishonwa na mtu.

Jumamosi alipita Lemburis,
yule anayechonga katambuga Kilombero.
Akaibonyeza, akaikunja, akaichoma kisu.
"Imeliwa hii. Haina nyama.
Nipe ya lori nitembee nayo miaka sita;
hii ni chapati."
Akaenda zake na vipande vya ubavuni, vya kufanyia kamba,
na hakutaka kunilipa.

Sponji nilibandua mwenyewe, nikaitandika kwenye benchi.
Wateja siku hizi wanakalia
ukimya wa gari la Nanyaro
na wanausifu.

Lakini kuna hesabu haijanitoka.
Tairi mpya huja na milimita nane.
Ya kwake imebaki na mbili, nikiwa mkarimu.
Sita ziko wapi?
Sikuzikuta kwenye rimu, wala kwa Lemburis,
wala hazikwenda juu kama moshi wa dizeli ya mzee
ambao angalau tuliuona, tukautukana.

Jioni mvua ikanyesha, ya kwanza tangu Juni.
Lami ya Kijenge ikatoa jasho jeusi,
jasho likaingia mtaroni,
mtaro ukashika njia ya Themi,
na Themi inapita kwenye matuta ya mboga
bila kumsemesha mtu.

Nikiwa njiani kurudi nikanunua mchicha,
mafungu mawili, bado una udongo.
Nyumbani nikauosha.
Nikamwaga maji, nikayatazama,
nikauosha tena.